Motokaa ya Chini ya Kitanda

Mektilda, mwenye chumba cha pili kutoka uani, anasema Bakili alikuwa na motokaa chini ya kitanda. Anasema hakuambiwa na mtu, aliiona. Alikwenda kuomba kaa la moto, akapiga hodi, hakuitikiwa, akachungulia kama jirani yeyote mwenye adabu zake, na kule chini ya kitanda cha kamba akaona taa mbili zinamtazama. Motokaa nyeusi, inang'aa, na usukani wake. Alipoulizwa iliingiaje chumbani, wakati kitanda chenyewe kiliingizwa kwa kung'oa mlango, Mektilda alijibu kwamba yeye si dereva.

Mtaa wa Sikukuu wote ukaamini, maana aliyetajwa ni Bakili. Ndiye aliyewauzia watu wa Ilala unga wa kuulia kunguni, na kunguni wakaupenda. Ndiye aliyepita Magomeni akichangisha rambirambi za marehemu mmoja, na marehemu mwenyewe akatoa chochote, akasema maskini, nilikuwa namjua. Kwa mtu wa namna hiyo motokaa chini ya kitanda ni jambo dogo.

Na kwa kweli Mektilda hakusema uongo. Alikosea kipimo tu.

Mambo yalianza kwa Sofia. Sofia alikuwa mshona nguo, amepanga nyumba ya tatu kutoka kwa Bakili, Mmwera mwenzake, wote wa Lindi. Alikuwa na cherehani, alikuwa na subira, na alikuwa na kaka ambaye alishatuma salamu kwamba anakuja kwa meli ya mwisho wa mwezi kumrudisha nyumbani, akaolewe na mwenye mikorosho.

"Sitaki kwenda," Sofia alimwambia Bakili. "Lakini kaka atauliza, huyu Bakili wako atakukalisha wapi? Nimjibu nini? Kwenye maneno yake?"

"Maneno yangu yana nafasi kubwa, bibie."

"Hayana baraza. Mimi nataka duka lenye baraza, niweke cherehani yangu, mteja akae kivulini. Niletee ufunguo. Ufunguo ukiwa mkononi mwangu, kaka atakula wali atarudi zake."

Duka lenyewe kila mtu alilijua. Lilikuwa Mtaa wa Mkunguni, dogo, tupu, baraza lake la saruji, limegusana ukuta na ghala la mzee Anselmi, Mchagga anayeuza maharage na viazi kwa jumla. Lilikuwa mali yake na hakuwa na haraka nalo. Waliokwenda kuliomba kwa fedha aliwaambia warudi. Waliokwenda kuliomba kwa machozi aliwapa kiazi.

Asubuhi moja Bakili akaenda ghalani, akajifanya anachagua maharage, lakini alichokuwa anachagua ni njia. Kila moyo wa tajiri una dirisha, yeye alikuwa na hakika, na kazi yake duniani ilikuwa kupapasa ukuta mpaka alifikie.

Dirisha la mzee Anselmi lilikuwa kabati la vioo. Lilisimama nyuma ya mizani, limefungwa kwa kufuli, na ndani yake hakukuwa na mkate wala vitambaa. Kulikuwa na magari. Madogo, kila moja kiasi cha njiwa, kila kitu kimepunguzwa kwa kipimo kimoja: tairi, taa, vitasa vya milango, hata vishikio vya madirisha kwa ndani. Chini ya kila gari kulikuwa na kikaratasi chenye jina. Watu wakisogea kutazama, mzee aliwafukuza kwa ufagio, mpaka akaingia bwana mmoja mrefu, amevaa kofia ya ukingo.

"Wewe Mchagga," yule bwana alisema badala ya salamu, "hujafa bado? Nilikuja na sanda, nikakumbuka utataka upunguziwe bei, nikairudisha."

"Naogopa kufa, Theophil mtani wangu. Nikifa nyie Wapare mtanishitaki kwa kuhama bila ruhusa. Mpare akiumwa na mbu anampeleka barazani!"

"Na Mchagga akizikwa anadai kodi ya kaburi!"

Wakashikana mikono wakicheka mpaka wote wawili wakakohoa, na mzee Anselmi, yule yule wa ufagio, akatoa ufunguo akafungua kabati. Bakili akaliona hilo kutoka nyuma ya magunia, akiwa ameshika ukufi wa maharage, akausahau mkononi. Kumbe anayefunguliwa mlango si mwenye fedha. Ni mwenye matusi.

"Tazama tena, huenda leo ukaelewa," mzee alimwambia Theophil, akimpa gari moja kama mtu anayempa mwenzake mtoto mchanga. "Kiwandani gari kama hili linatoka uchi. Injini, magurudumu, vyuma viwili, basi. Tajiri analichukua vile vile uchi analipeleka kwa mshonaji wake. Huyo ndiye anayelivika bodi. Hili kavika Thornbi wa London, tazama mabega yake. Hili kavika Karpani wa Torino. Huyo mkono wake mwepesi, tazama kiuno kinavyoingia. Siku hizi magari yanatoka yamevaa tayari, yote sare moja, kama askari wa jela."

"Na hapa pasipo na gari?" Theophil aliuliza. Rafu ya katikati ilikuwa na kikaratasi tu.

Mzee akashusha pumzi. "Hapo ni pa Delvo wa Paris. Yule mzungu wangu wa kahawa, kule Moshi, niliyemwendeshea, gari lake lilivikwa na Delvo. Nilikuwa nalifuta kila asubuhi, nalijua kuliko ninavyomjua mke wangu. Alipokwenda kwao akanipa haya madogo, ndiyo nikaanza kukusanya. La Delvo hakuwa nalo. Maana Delvo hakuuza madogo. Kabla hajagusa bati, alichonga kigari cha mti amwonyeshe tajiri: gari lako litakuwa hivi. Tajiri akikubali, ndipo anajenga kubwa. Vile vya mti vimepotea. Mtu akiniletea kimoja," na hapo sauti ikateremka, "sijui kitu nitakachomnyima."

Bakili alitoka bila kununua maharage. Alitoka mbio.

Kule mtaani Gerezani kulikuwa na fundi aitwaye Shaibu, kazi yake kuvika mabasi. Lori lilikuja kwake likiwa mifupa, likatoka na viti, paa, na madirisha ya mbao, limeandikwa ubavuni jina la mwenyewe. Bakili alimkuta amelala chini ya moja.

"Fundi, nataka univikie gari."

"Liko wapi?" Shaibu aliuliza kutoka chini.

Bakili akaonyesha kwa mikono, kiasi cha kushika njiwa. Shaibu akatoa kichwa.

"Hilo la nani? La panya?"

"La mzungu wa Paris. Kwa sasa ni marehemu."

"Basi hana haraka." Akarudi chini ya basi.

Ilibidi Bakili apige magoti vumbini, naye hakuwa mtu wa kupiga magoti ovyo. Akamweleza kila alichokisikia: mabega, kiuno, mkono mwepesi. Shaibu akatoka mzima mzima, akajifuta.

"Unajua," alisema, "wenye mabasi wanataka viti tu. Shaibu, ongeza viti. Shaibu, vibananishe. Miaka yote hii hajaja mtu akaniambia, Shaibu, lipendeze." Akatazama kipande cha mninga kilichoegemea ukuta. "Utanilipa nini?"

Bakili akavua saa yake.

"Saa hii haitembei."

"Saa ya heshima haitembei, fundi. Inakaa na mwenyewe."

Shaibu alilichonga mara mbili, la kwanza akalichoma kwa kuwa halikumpendeza. La pili lilikuwa na madigadi yanayoteremka juu ya magurudumu kama maji, uso wa shaba iliyotolewa kwenye karabai mbovu, viti vya ngozi ya kiatu, na taa za vifungo vya lulu ambavyo Bakili aliviomba kwa Sofia. Likapigwa rangi nyeusi, likasuguliwa, likapigwa tena. Lilikuwa zuri mno, na hapo ndipo penye taabu, kwa kuwa lilikuwa jipya. Bakili akaenda kulizeesha kwa njia aliyoijua. Akaliweka ndani ya banda la kuku la mwenye nyumba. Kuku wakalala juu ya kazi ya Delvo wa Paris mpaka ikapata umri wa kutosha, ndipo akaifuta, akaisukuma chini ya kitanda, na Mektilda akaja kuomba moto.

Mambo haya yote alimsimulia Sofia. Bakili aliudanganya mji mzima lakini kwa Sofia alisema kweli tupu, maana ujanja usio na mtu wa kuusifu unamwasha mwenyewe kama upupu.

"Na wewe utakuwa nani?" Sofia aliuliza bila kuinua macho kwenye mshono.

"Anaeli, Mpare wa Gonja. Marehemu baba alikuwa mpishi wa Mjerumani kule milimani. Mjerumani kaondoka, gari limebaki jikoni."

"Kipare unakijua?"

"Nitasema nimekulia Tanga, kwenye mashamba ya katani."

"Na mzee akianza utani?"

"Nitamjibu. Matusi ninayo ya kumtosha."

"Utani si matusi, Bakili."

"Ni nini basi?"

Sofia alikuwa ameshika uzi kwa meno. Alipoukata, Bakili alishafika mlangoni.

Siku ya kwanza ya Anaeli duniani ilikuwa nzuri sana. Aliingia ghalani na koti, tai, na kapu la ukili, akasimama mbele ya mizani kwa kiburi cha mtu mwenye kesi tatu barazani.

"Wewe Mchagga! Nimesikia harufu ya senti tangu kituo cha reli, nikajua umekaa juu yake unaiatamia."

Mzee Anselmi akainua kichwa kama aliyesikia ngoma ya kwao. "Alaa! Mpare mwingine! Nani kawaruhusu mtoke milimani, kesi zimekwisha?"

"Zimekwisha. Nimekuja kukushitaki wewe."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa sura."

Mzee akacheka, akamkaribisha kwenye gunia, akamwagizia kahawa. Hapo Bakili akafungua kapu, akafunua kitambaa. Kicheko kikakatika. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akalishika. Akaligeuza. Akapitisha kidole kwenye digadi, polepole, mpaka mwisho. Bakili aliona kidevu cha mzee kinacheza, na akageukia viazi, maana hata tapeli ana mahali ambapo anaona haya kutazama.

"Unataka nini?" mzee aliuliza.

"Fedha sitaki. Gari la baba haliuzwi. Lakini nikipata mahali pa kukaa hapa mjini, kama kile kiduka cha pembeni, mimi na wanangu na wajukuu..."

"Njoo nalo Jumamosi mchana. Nitakaa na wazee, wawe mashahidi."

Bakili akarudi Sikukuu akipiga mluzi. Alimweleza Sofia kila neno, hata kidevu hakukiacha. Sofia aliuliza jambo moja tu: mzee aliposhika gari, alisema nani kalitengeneza? "Alinong'ona Delvo, Delvo, kama anayesali," Bakili alisema, akacheka. Sofia hakucheka.

Jumamosi mchana ghala lilikuwa limejaa. Mzee Anselmi alikuwa amevaa kizibao. Kwenye magunia walikaa wazee wawili wa Kichagga, na katikati yao, kofia magotini, Theophil. Bakili akalegeza tai.

Theophil akamsalimu kwa Kipare.

Bakili akakohoa. Theophil akasubiri, akasalimu tena. Bakili akakohoa kwa kirefu zaidi, ile hadithi ya Tanga imemponyoka.

"Vumbi la maharage, ndugu yangu."

"Pole. Gonja kwa nani?"

"Kule juu."

"Juu kwa nani?"

"Juu kabisa."

Theophil akatikisa kichwa kwa heshima, kama aliyepewa anwani kamili.

"Mtani, lete mgeni wetu," mzee alisema. Bakili akatoa gari. Wazee wakalipokezana, wakaguna. Mzee Anselmi akalichukua kwa mikono miwili, akafungua kabati, akaliweka kwenye rafu ya katikati. Akalisogeza kidogo kulia. Akalirudisha. Akafunga kufuli, akatia ufunguo kwenye mfuko wa kizibao, akapiga mfuko wenyewe kwa kiganja.

"Ahsante," alisema. "Wazee, tunywe kahawa."

Bakili akangoja mpaka alipoona kikombe cha kwanza kinamiminwa. "Na ufunguo wa duka, mzee?"

"Ufunguo gani, mtani?"

"Wa duka! Tulivyokubaliana!"

"Mchagga na Mpare tangu lini wakakubaliana? Hili nimeliteka."

Wazee wakapiga makofi, wakaangua kicheko mpaka kahawa ikamwagika. Theophil alikuwa anafuta machozi. "Amekuteka, ndugu yetu! Mimi aliniteka baiskeli, nikaja nikamteka beberu wake wa Krismasi, nikamla na kwato. Mtukane, cheka, kisha tazama huku na huku nawe uteke chako!"

Palikuwa na mambo mengi ya kuteka mle ndani. Mizani ilikuwa pale. Magunia yalikuwa pale. Ufunguo wa kile kiduka ulikuwa umetundikwa msumarini, karibu na kichwa chake, unamtazama. Mpare wa kweli angetoa tusi moja la kumfikia bibi yake bibi wa Anselmi, angeunyakua akatoka nao, na hakuna mtu ambaye angethubutu kumdai. Ndiyo haki ya mtani. Lakini Bakili alikuwa amejifunza upande wa kutukana tu. Upande wa kunyang'anywa ukiwa unacheka hakuambiwa, na hakungoja kuambiwa.

"Wizi!" alipiga kelele. "Huu ni wizi mchana kweupe! Nipe gari langu, nitaita askari!"

Kicheko kikazima. Theophil akavaa kofia yake.

"Sisi Wapare," alisema taratibu, "tunashitaki kila mtu. Tunashitaki shemeji, tunashitaki kuku wa jirani, mimi nimemshitaki mama mkwe nikashinda. Mtani hatumshitaki."

Mzee Anselmi akaweka kikombe chini. Hakuwa na hasira hata kidogo.

"Tulifikirie jambo hili kwa utulivu," alisema. "Ikiwa wewe ni Anaeli wa Gonja, mimi ni mtani wako, nimekuteka gari, na hakuna wizi. Ikiwa si Anaeli, basi huna baba mpishi, huna Mjerumani, na mimi sijui gari hili limetoka wapi. Hapo askari wataitwa, tena nitawaita mimi. Nakuachia wewe uchague. Ni Mpare, au si Mpare?"

Wazee wote walimtazama Bakili kwa upole, kama watu wanaosubiri mgonjwa aseme panapouma.

Bakili akacheka. Wanaosema hajapata kufanya kazi ngumu maishani hawakuwapo pale. Alicheka kwa mabega, akacheka kwa tumbo, akasema, "Umeniteka, Mchagga mwizi wee," na sauti ikamtoka kama ya mtu aliyekanyagwa. Wazee wakapiga makofi tena, safari hii kwa kumsaidia.

"Huyo ndiye mtani," mzee alisema. Kisha akachukua kalamu, akakitoa kile kikaratasi cha Delvo, akakigeuza, akaandika nyuma yake polepole na herufi kubwa. Akakirudisha chini ya gari. Bakili hakuwa msomaji mwepesi, lakini haya aliyasoma upesi: AMEVIKA SHAIBU, GEREZANI.

"Nilimfuata jana," mzee alisema. "Mtu yule ana mkono. Delvo nilimpenda miaka yote, na huyu alikuwa hapa, nyuma ya karakana za reli, anaambiwa aongeze viti."

"Nani kakwambia habari za Shaibu?" Bakili aliuliza, akisahau kuwa yeye ni Anaeli.

Mzee aliangalia msumari ulioshika ufunguo. "Huo uliobaki ni wa akiba," alisema, akamimina kahawa.

Bakili akatoka. Baraza la kile kiduka lilikuwa limefagiwa, limemwagiwa maji. Mlango ulikuwa wazi. Kivulini ilikaa cherehani, na nyuma yake Sofia, amejifunga khanga, anashona suruali ya mtu mrefu.

"Wewe!" Bakili alisema.

"Mimi."

"Umeniuza, Sofia."

"Sikukuuza. Nilikwenda nikabisha hodi, nikamwambia mzee kwamba yule anayekuja Jumamosi ni Mmwera, na aliyechonga gari namjua, akitaka nitampeleka kwake. Nilidhani atakasirika. Kumbe aliuliza jina la fundi kwanza, akacheka baadaye. Kisha akaniuliza mimi nataka nini." Akanyoosha kitambaa. "Kodi nitalipa kama mpangaji yeyote."

"Ufunguo ule nilikuwa nauleta mimi! Nilikuwa nauleta kwa ajili yako!"

"Ndiyo. Nikaona utachelewa."

Mwanamke mmoja akapanda barazani na kitambaa cha gauni, Sofia akampima mabega, akampa siku ya kurudi. Bakili alikuwa bado amesimama juani, koti mkononi, tai shingoni. Kivuli cha baraza kilifika karibu na viatu vyake, hakikumfikia.

"Meli ya kaka yako keshokutwa," alisema.

"Najua."

"Ataona duka. Ataona baraza. Ataridhika." Akasogea hatua moja, akasimama tena. Sauti yake, ile iliyowauzia watu wa Ilala unga, ilikuwa imebaki ndogo, haina mapambo. "Basi mwambie nami nipo, Sofia. Mwambie hivyo tu."

Sofia akainamisha kichwa, akaweka mshono sawa chini ya sindano, akakanyaga cherehani.